Mwili, Mizani na Jamaa: Historia ya Mtazamo wa Unene, Siha na Uzee katika Kiswahili

UTANGULIZI

Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki mwili wa mtu haukupata kuhesabiwa kuwa wake peke yake. Unene au wembamba wa mzazi aliyekwisha kuzeeka ulitazamwa na majirani, ukazungumzwa na wakwe, na mwishowe ukawa ama sifa ama aibu ya wanawe. Kwa sababu hiyo, maneno ambayo jamaa huyatumia kuutaja mwili wa mzee yana historia yao, na historia hiyo haipatikani yote katika vitabu vya tiba. Makala haya yanakusudia kuichunguza kwa kuyafuata maneno yenyewe, yaani uzima, uwezo, mwili, unene, kukonda, kupungua na uzito, tangu enzi ya makamusi ya karne ya 19 hadi wakati huu wa zahanati na mizani.

Hoja itakayotetewa ni hii. Kwa muda mrefu Kiswahili kiliipima siha ya mtu mzima kwa mambo anayoyaweza, na kikauchukulia mwili wake kuwa ushahidi wa namna anavyotunzwa na jamaa zake. Hospitali zilipoleta mizani zilileta kipimo cha namna nyingine: kipimo kinachomhusu mtu mmoja, kinachosomwa kwa tarakimu, na kisichouliza ni nani aliyempakulia. Vipimo hivi viwili vimekutana katika nyumba moja lakini havijapata lugha moja. Ndiyo sababu mwana anayemsihi mamaye apunguze wali na sukari huonekana kama anayemnyima, na mama aliyenenepa hata akashindwa kupanda ngazi huendelea kupongezwa. Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao, maana kisukari na shinikizo la damu ni maradhi yanayopofusha macho, yanayosababisha watu kukatwa miguu, na yanayoua.

UZIMA NA UWEZO

Yafaa kuanza na kivumishi -zima, kwa kuwa ndicho kinachobeba mzigo mkubwa zaidi. Mkate ambao haujakatwa ni mkate mzima. Mgonjwa aliyepona amekuwa mzima. Samaki ambaye hajafa yu mzima. Na mtu aliyepita ujana huitwa mtu mzima. Maana nne, yaani ukamilifu, afya, uhai na utu uzima, zimekaa katika shina moja. Si ajabu ya Kiswahili peke yake. Mkikuyu humwita mtu aliyekomaa mũndũ mũgima, na afya huiita ũgima wa mwĩrĩ. Mkamba naye husema ũima wa mwĩĩ. Shina ni lile lile, na mwĩrĩ wa Kikuyu ndio mwili wa Kiswahili. Yaelekea basi kwamba kuihusisha afya na ukamilifu wa mtu hakukuzuka mijini pwani, bali ni urithi wa lugha za Kibantu kwa jumla.

Juu ya urithi huo Kiswahili kiliongeza maneno mawili ya Kiarabu. Afya, kwa asili yake, ina maana ya kusalimika na kuepushwa na madhara. Ndiyo maana watu humwomba Mungu afya, wala hawasemi kwamba wameitengeneza wenyewe. Siha inatokana na mzizi uliozaa pia neno sahihi, na kwa hiyo inadokeza hali ya kuwa sawa, bila kasoro. Uzima, afya na siha ni maneno matatu tofauti, na hakuna hata moja kati yake linalogusa ukubwa wa kiwiliwili.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika kitenzi kuweza. Edward Steere katika kitabu chake cha lugha cha mwaka 1870, na J. L. Krapf katika kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, wote walikuta kwamba mtu anayetaka kusema kuwa ni mgonjwa husema siwezi. Matumizi hayo yangali hai pwani: fulani hawezi, yaani yu mgonjwa, fulani hajiwezi, yaani amefika hali ya kunyanyuliwa na kulishwa. Katika uzee tofauti ya hawezi na hajiwezi ndiyo mpaka unaotazamwa na jamaa. Mzee anayejiendea msikitini, anayechota maji ya kutawadha mwenyewe, anayepalilia kishamba chake, huyo anajiweza, awe mnene au mwembamba. Mtu mzima dawa, husema Waswahili. Na kwa kuwa -zima ni afya na ni utu uzima pia, msemo huo unamtaja mzee kuwa tiba ya wengine hata pale viungo vyake vinapoanza kulegea.

Maandishi ya kale ya Kiswahili yanaafikiana na picha hii. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa ajili ya bintiye, ni kazi ya mama mgonjwa. Mtunzi mwenyewe anataja kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Mwili unaozungumzwa humo ni ule unaopapaswa, unaopepewa, unaofukizwa udi na kulishwa kwa mikono ya mwingine. Vivyo hivyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anamfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na katika kila hatua mwili wa mtu huyo uko mikononi mwa watu: wakunga, makungwi, waganga, waosha maiti. Afya katika maandishi haya ni shughuli ya watu wengi.

MWILI KAMA USHAHIDI WA MATUNZO

Ikiwa siha ilipimwa kwa uwezo, unene ulipimwa kwa nini? Jibu limo katika semi za kila siku. Mtu akinenepa kidogo husemwa amepata mwili, kana kwamba hapo kwanza hakuwa nao. Ngozi yake iking'aa husemwa amenawiri, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa nuru. Kunona kuliachiwa zaidi wanyama, na anayelitumia kwa mwanadamu hufanya mzaha au hutukana. Kivumishi -nene chenyewe kina historia ya kuvutia. Katika Kikuyu -nene ni -kubwa, na mũnene ni mkubwa wa watu, yaani mwenye mamlaka. Katika Kiganda pia -nene ni -kubwa. Kiswahili kimekifinya kivumishi hiki hata kikabaki na upana na uzito wa umbo, lakini kivuli cha ukubwa wa cheo hakikufutika.

Desturi za nyumbani ziliimarisha kivuli hicho. Mwari wa pwani aliwekwa ndani, akasingwa na kulishwa. Bibi arusi katika fungate hakushika kazi. Mzazi alikaa arobaini akinywa uji na mchuzi wenye viungo huku akikandwa. Katika kila kituo hicho kunenepa kulikuwa jibu la swali ambalo majirani hawakuliuliza kwa sauti: je, anatunzwa? Mwanamke aliyetoka arobaini amekonda alimwaibisha mumewe, na hata mama mkwe.

Zamu ya mwisho ya utaratibu huo ilikuwa ya uzeeni. Wana walipokuwa wakubwa, deni liligeuka. Mnofu uliokuwa wa mtoto ukawa wa mama. Chai yenye sukari nyingi na maziwa mengi ikawa heshima ya baba. Mzee aliyekwenda kukaa kwa mwanawe mjini akarudi na mashavu yaliyojaa aliambiwa umenenepa, na maneno hayo yalikuwa salamu ya pongezi kwake na hati ya sifa kwa mwanawe. Msemaji mwangalifu aliongeza Mashallah ili kuondoa kijicho, jambo linaloonyesha kwamba unene ulihesabiwa katika neema zinazoweza kuhusudiwa. Kinyume chake, mzee aliyekonda hakuulizwa yeye. Waliulizwa walio karibu naye.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Waswahili hawakuujua ubaya wa kupita kiasi. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza: methali hii inaziweka shibe na njaa katika mizani moja na kuzilaumu zote mbili. Mlafi alichekwa katika ngano na katika maisha. Lakini ulafi ulikuwa kasoro ya tabia, na unene ulikuwa hali ya mwili. Mtu aliweza kuwa mlafi na mwembamba, au mnene asiye mlafi. Lugha haikuyafunga mambo hayo mawili katika lawama moja.

Lawama ya kwanza ya hadharani dhidi ya unene ilitoka katika siasa kabla ya kutoka hospitalini. Neno kitambi lilikuwa jina la kipande cha nguo cha kujifunga. Ni jina pia la tumbo lililotokeza. Baada ya uhuru kitambi cha maana hii ya pili kilikuwa alama ya mkubwa wa ofisi, mwenzi wa gari lake. Na katika Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, mdudu anayevimba kwa damu ya wengine. Ila lawama hiyo ilimwelekea bosi. Haikumgusa mama aliyekaa barazani, ambaye unene wake ulikuwa jasho la wanawe.

NJAA NA KITENZI KUKONDA

Hofu ya wembamba ilikuwa na sababu zake za kihistoria. Mwishoni mwa karne ya 19 ukame, ndui na tauni ya ng'ombe viliandamana katika nchi za bara. Wakamba wanaikumbuka njaa ya miaka hiyo kwa jina la Ngomanisye, na Wakikuyu kwa jina la Ruraya, yaani Ulaya, kwa kuwa iliambatana na kuja kwa Wazungu. Katika Ugogo njaa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, iliitwa Mtunya. Njaa zilipewa majina kama watu wanavyopewa, na vizazi vilihesabiwa kwazo. Mzee aliyezeeka katika miaka ya 1950 alikuwa mtu aliyenusurika, au mwana wa walionusurika.

Athari ya kumbukumbu hizo inaonekana katika msamiati. Kiswahili kina kukonda, kudhoofu, kusinyaa, kunyauka na kunyong'onyea. Kina kimbaombao na gofu la mtu. Na mwembamba hufananishwa na ng'onda, samaki aliyekaushwa juani. Katika orodha hii yote hakuna kitenzi kimoja kinachomaanisha kupungua kwa mwili kuliko kwema. Anayekonda ana njaa, ana maradhi, ana huzuni, au ana mke au mume asiyemjali. Pengo hili ni la maana sana kwa yatakayofuata: daktari alipokuja kumwomba mtu apunguze mwili kwa faida yake, hakulikuta neno lililo tayari kwa shauri hilo. Kila neno alilolishika lilikuwa limekwisha kutumika katika msiba.

MIZANI NA KIPIMO CHA DAMU

Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima shinikizo la damu watu 1,000 wa sehemu hizo. Shinikizo lao lilifanana na la Wazungu hadi umri wa miaka 40 hivi. Baada ya hapo la Wazungu hupanda, la wenyeji lilielekea kushuka. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake waliwachunguza Wasamburu, wafugaji waliotegemea maziwa, wakaona kwamba shinikizo lao halipandi kwa kadiri ya umri. Lakini vijana wa Kisamburu walioandikwa katika jeshi la Kenya waliongezeka uzito, na shinikizo lao likapanda. Utafiti uliofuata juu ya Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya magharibi, uliochapishwa na N. R. Poulter na wenzake mwaka 1990, ulionyesha kwamba badiliko hilo huanza katika miezi ya kwanza ya kukaa mjini, pamoja na kula chumvi zaidi na kupungukiwa na potasiamu.

Maana ya tafiti hizi kwa historia ya jamaa ni kubwa. Zinaonyesha kwamba mzee wa zamani anayesifiwa kuwa alijiweza hadi siku ya kufa si ndoto ya wajukuu tu. Aliishi katika nchi ambamo kuongezeka mwili katika umri wa makamo kulikuwa nadra, kazi ya viungo haikukoma, na sukari ilikuwa anasa. Kisha mazingira yakabadilika. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mapema katika miaka ya 1920 na cha Ramisi mwaka 1927. Baada ya uhuru vikaja vya Muhoroni, Chemelil na, mwaka 1973, Mumias. Mkate, mafuta ya kupikia na chai ya sukari vikaingia katika vyakula vya kila siku. Kanuni ya adabu haikubadilika: mpe mzazi kilicho bora. Kilichobadilika ni kilicho bora chenyewe. Zamani kilikuwa adimu, na uadimu wake ulikuwa kinga; sasa kimejaa, na heshima ile ile imekuwa hatari.

Mizani ilifika katika familia kwa njia ya mtoto. Katika kliniki za akina mama, kadi ya mtoto ilichorwa mstari, na mstari unaopanda ulikuwa habari njema. Mamilioni ya akina mama walifundishwa kwamba kilo zikiongezeka mtoto ana afya, na zikipungua kuna utapiamlo. Fundisho hilo lilikuwa la kweli kwa mtoto, na liliafikiana kabisa na fundisho la kale la kupata mwili. Kampeni kubwa za Tanzania zilikuwa na mwelekeo huo huo wa kupigana na upungufu: Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowashirikisha watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilishughulikia mbu, maji na vyoo, Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilishughulikia lishe. Mama aliyefundishwa wakati huo amezeeka, naye akirudi katika mizani ile ile anaambiwa kwamba sasa mstari unaopanda ni habari mbaya. Ni haki yake kushangaa.

Kipimo anachopimwa nacho hakikutoka karibu. Uwiano wa uzito na kimo ulibuniwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika karne ya 19, naye alitafuta wastani wa binadamu, hakutafuta ugonjwa. Ancel Keys wa Marekani aliupa jina lake la sasa mwaka 1972. Na Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu kuhusu unene wa kupindukia mwaka 1997. Nchini Kenya mabadiliko yalionekana katika takwimu za taifa. Mwaka 2008 hadi 2009, asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Uchunguzi wa mwaka 2015 uliowahusu watu wazima wa jinsia zote ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa shinikizo la damu hata mara moja katika maisha yao.

Neno lililochaguliwa na zahanati kwa haya yote ni uzito. Ni neno linalofaa katika fizikia, lakini nyumbani lina jamaa zake. Mtu mzito ni mwenye cheo. Mja mzito ni mwenye mimba. Mzito wa kuelewa ni mpumbavu. Moyo mzito una huzuni. Mgonjwa anayeambiwa kwamba uzito wake umezidi anaweza kusikia sifa, tusi au fumbo, kwa kadiri ya anayemwambia. Magazeti nayo yamejaribu neno kiribatumbo, kutokana na kiriba cha maji. Ni neno la picha nzuri, lakini ni vigumu kumtazamia binti alitamke mbele ya babaye.

KUPUNGUA: FUNDISHO LA UKIMWI

Kabla shauri la kupunguza mwili halijaota mizizi, tukio jingine lililizuia. Mapema katika miaka ya 1980, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ulitokea ugonjwa uliowakondesha watu hata wakafa. Upande wa Uganda uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, ambalo Waganda walilifanya siliimu. Upande wa Kagera uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya magendo. Hatimaye Kiswahili kikaunda UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Msomaji atatambua kwamba ndani ya jina hilo limo kupungua, na umo mwili.

Kwa muda wa takriban miaka 20 iliyofuata, kukonda kulikuwa shutuma. Mtu aliyepungua kilo chache alitazamwa, akanong'onezwa, akakimbiwa. Nchini Kenya ugonjwa huo ulitangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, na dawa za kuupunguza makali zilianza kuwafikia wengi baada ya mwaka 2003. Walioanza kuzitumia walinenepa tena, na unene huo ulikuwa ufufuo mbele ya macho ya jamaa. Nani angeweza katika miaka hiyo kumsifu mtu kwa kukonda? Wajane na mabibi waliowalea mayatima wa janga hilo ndio hao hao wanaoambiwa leo kwamba wapunguze mwili. Wanapokataa, huenda hawapingani na sayansi, wanakumbuka.

NANI AMWAMBIE MZEE

Hata kama lingepatikana neno linalofaa, lingebaki swali la kinywa cha kulitamka. Adabu ya Kiswahili, kama ya jamii nyingi za Kibantu, inaweka pazia kati ya mwana na mzazi, na pazia zito zaidi kati ya mkwe na mkwe. Mwana hataji tumbo la babaye wala makalio ya mamaye. Mke wa mwana, ambaye ndiye mpishi katika nyumba nyingi, hana ruhusa hata kidogo: akipunguza mafuta katika mchuzi, haikosi kusemwa kwamba anawabania wakwe. Hivyo wale walio na chungu mikononi ndio wasio na ulimi.

Lakini desturi hiyo hiyo iliacha mlango. Mjukuu na bibi ni watani. Mjukuu wa kiume humwita bibi mke wangu, na mjukuu wa kike humwita babu mume wangu. Na ndani ya utani huo mambo ya mwili hutajwa bila kosa. Mjukuu aweza kumwambia bibi kwamba mke mzito hivi hatamweza, amshike mkono watembee hadi dukani. Bibi atacheka, atamtukana kidogo, na atanyanyuka. Wifi na shemeji nao wana nafasi yao, na rika la mzee mwenyewe lina nafasi kubwa kuliko wote. Yaonekana basi kwamba njia za kupitishia mashauri ya afya zilikuwapo katika mfumo wa ujamaa. Maofisa wa afya wamezipita kwa kumkabidhi ujumbe yule aliye karibu zaidi kwa damu, naye ndiye aliyefungwa zaidi kwa heshima.

Neno mazoezi lina matatizo ya aina hiyo. Linatokana na kuzoea, na kwa muda mrefu limekuwa neno la shule, la jeshi na la uwanja wa mpira. Mzee anayeambiwa afanye mazoezi huona anarudishwa utotoni au anaitwa kwenye gwaride. Kutembea bila haja kuna hila yake pia, kwani mtu mzima aendaye bila kituo husemwa anazurura. Kwa upande mwingine, mzee huyo huyo hatakataa kwenda kumzuru mgonjwa, kufuata maziko, kukagua shamba, au kunyoosha viungo asubuhi. Miguu yake inakubali safari yenye jina.

Kuna neno la kale ambalo halijatumiwa vya kutosha, nalo ni wepesi. Mtu mwepesi wa mwili ni yule anayeinuka bila kujikongoja na kutembea bila kuhema. Sifa hiyo haimtaki awe mwembamba, na haikutiwa doa na njaa wala na UKIMWI. Kumwambia mzazi kwamba jamaa wanamtakia wepesi hakumwambii akonde. Vilevile kumwuliza kama anaweza kupanda ngazi za msikiti au za kanisa kama mwaka jana ni kurejea katika kipimo chake mwenyewe, kipimo cha uwezo, ambacho ndicho alicholelewa nacho, nacho hakipingani na cha daktari.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvutano wa leo kati ya wazazi na wana kuhusu unene si wa ujinga na elimu. Ni mvutano wa vipimo viwili, kila kimoja na historia yake. Kipimo cha jamaa kilizaliwa katika nchi ya njaa, kikathibitishwa na kliniki ya watoto, kikatiwa nguvu na janga la UKIMWI. Kwa sababu hizo tatu kilifundisha kwamba mwili uliojaa ni mwili uliopendwa. Kipimo cha mizani kilikuja baadaye, na kina ushahidi tangu kazi ya mwaka 1929 kwamba mwanadamu wa nchi hizi aliweza kuzeeka bila damu yake kupanda. Hakuna kipimo kinachoweza kupuuzwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Heshima na matunzo vimewekwa pamoja humo, na ugumu wote uliojadiliwa hapa umo katika kuviweka pamoja mezani. Kwa wanafunzi wa lugha kazi iliyobaki ni mahususi. Vitabu vya istilahi za tiba vimeshughulikia majina ya magonjwa, lakini havijashughulikia vitenzi ambavyo mtu humwambia mamaye. Hapana budi vitenzi hivyo vikusanywe kutoka barazani, jikoni na katika utani wa wajukuu, kisha vifikishwe kwa wauguzi kabla ya mizani kusomwa kwa sauti. Mama anayeshushwa katika mizani na kuambiwa tarakimu tupu atarudi nyumbani, atapakuliwa na mkwewe kama kawaida, naye atakula, kwa kuwa kukataa ni kumvunjia mkwe heshima.